Tani Moja, Mita Moja: Siku Saba za Kupima Nishati ya Maji ya Vijiji, Dodoma hadi Hanang na Kurudi

Siku ya 1: Dodoma

Safari ni ya mduara: Dodoma, Bahi, Manyoni, Singida, Katesh, Babati, Kondoa, kisha Dodoma tena. Kazi ni moja tu. Kila mradi wa maji utakaofikiwa unapimwa unakula nishati kiasi gani, na ulipaswa kula kiasi gani. Majina ya vijiji yameachwa, na namba zimekatwa desimali zake ndefu ili msomaji aweze kufuata kwa kalamu na karatasi.

Hesabu yote ya safari hii inasimama juu ya jambo moja. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Kuipandisha tani hiyo mita moja kunataka kilojuli 9.81, na uniti moja ya umeme (kilowati moja kwa saa moja) ina kilojuli 3,600. Ukigawanya, uniti moja inapandisha tani moja mita 367, kama hakuna kinachopotea njiani. Kwa hiyo: zidisha mita za ujazo kwa kimo cha kusukuma, gawanya kwa 367, halafu gawanya tena kwa ufanisi wa pampu na mota yake. Jibu ni uniti.

Ugumu hauko kwenye kugawanya. Uko kwenye neno "kimo cha kusukuma", ambacho mafundi hukiita hedi. Kina sehemu nne: kutoka usawa wa maji kisimani *wakati pampu inafanya kazi* hadi juu ya ardhi, kutoka kisimani hadi lilipo tenki, urefu wa mnara pamoja na mdomo wa bomba linalomwaga, na msuguano ndani ya bomba. Makadirio mengi yanayoletwa mezani yanakosea sehemu ya kwanza na kusahau ya nne.

Vifaa vilivyopakiwa: utepe wa kupimia kina cha maji, ule unaolia ncha yake ikigusa maji, wa mita 150; geji mbili za presha, moja ya bar 10 na nyingine ya bar 25; klampumita, yaani koleo la kupimia ampea bila kukata waya; ndoo ya lita 20 iliyopimwa upya kwa mizani (nyingi za sokoni zikijaa hadi ukingoni hubeba zaidi ya lita 20); saa; GPS; tepu ya mita 50; na dumu lenye mistari ya lita kwa ajili ya dizeli.

Neno kuhusu GPS. Kwa mlalo inafaa, kwa wima inadanganya mita 10 hadi 15 bila haya. Tofauti ya mita 15 kwenye mradi wenye hedi ya mita 70 ni kosa la asilimia 20 na zaidi. Njia rahisi ni geji: zima pampu, acha bomba limejaa hadi tenki, funga geji baada ya valvu isiyorudisha, soma. Bar moja ni mita 10.2 za maji. Bomba lenyewe linakuwa rula.

Siku ya 2: Bonde la Bahi

Barabara ya Singida inashuka taratibu hadi kwenye sakafu ya bonde la ufa, penye mashamba ya mpunga na mbuga inayojaa mvua zikiwa nzuri. Maji ya chini ya ardhi hapa yapo, ila mengi yana chumvi, na hilo linaingia kwenye hesabu ya nishati kwa njia isiyotarajiwa.

Kijiji cha kwanza kina watu 3,200. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilisema lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, watu 250 kwa kila bomba. Hapo ni mita za ujazo 80. Mifugo nayo: ng'ombe mmoja huhesabiwa sawa na punda 2 au mbuzi na kondoo 5, kila kipimo lita 25. Ng'ombe 1,100 na mbuzi na kondoo 1,500 ni vipimo 1,400, yaani mita za ujazo 35. Jumla 115 kwa siku.

Daftari la dira ya maji kisimani linasema kitu kingine. Septemba, wastani ni 62 kwa siku. Februari, 20. Mvua zikinyesha mifugo hunywa malamboni na watu hukinga maji ya paa. Na kwa sababu ya chumvi, maji ya kunywa na ya chai hununuliwa kwa mikokoteni kutoka mbali hata wakati wa kiangazi. Ya kisima ni ya kufulia, kuoga na mifugo. Anayekadiria kwa idadi ya watu peke yake anakuja na pampu karibu mara mbili ya inayotakiwa, kisha kijiji kinalipa dizeli ya mashine kubwa inayofanya kazi ndogo. Dira ikiwepo, isomwe kwanza. Isipokuwepo, hesabu ndoo kwenye magati (vituo vya kuchotea maji) mawili kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 jioni, siku mbili, moja iwe siku ya mnada.

Kisima kina mita 110. Pampu imening'inizwa mita 84. Kabla ya kuwasha, maji yalikuwa mita 31 kutoka juu. Baada ya saa 4 za kusukuma mita za ujazo 8.4 kwa saa, yalitulia mita 47. Namba ya kutumia ni 47. Si 110, si 84, wala si 31. Maji yaliyo juu ya pampu ndani ya kisima yanajipandisha yenyewe. Pampu hailipii mita ambazo maji tayari yamezipanda.

Kupima huko kulikuwa na bahati, kwa sababu aliyefunga pampu aliweka kibomba chembamba cha pembeni cha kupitishia utepe. Visima vingi havina. Utepe ukishushwa pembeni ya bomba kuu bila kibomba hujizungusha kwenye kebo ya pampu, na kuutoa ni kuvua pampu nzima. Pasipo kibomba, fanya kinyumenyume: soma geji kisimani, soma maji yanayotoka kwa saa, nenda kwenye mchoro wa pampu uliotolewa na kiwanda, soma hedi inayolingana na maji hayo, toa ya geji. Kinachobaki ni kina cha maji. Pampu iliyolika kwa mchanga itakupa jibu la uongo, kwa hiyo linganisha na ampea.

Sasa jumla. Kisimani 47. Kutoka kisima hadi tenki ardhi inapanda mita 6. Mnara na mdomo wa bomba 11.5. Bomba la kupandishia ni poli (plastiki) ya milimita 63, urefu mita 1,400. Tundu lake la ndani ni kama milimita 55, na kwa maji 8.4 kwa saa msuguano unafika mita 27. Vifaa vya kisimani, kona na valvu, mita 1.5. Hedi yote: mita 93.

Mita 27 za msuguano ni kama kuongeza ghorofa tisa juu ya mnara. Bomba lingekuwa la milimita 90, msuguano ungekuwa mita 5 tu. Tofauti ya bei ya bomba ingelipwa mara moja wakati wa ujenzi. Tofauti ya mita 22 inalipwa kila asubuhi jenereta inapowashwa.

Klampumita: ampea 9 kwa kila fezi, volti 400, ambayo kwa mota hii ni kilowati 5.1. Nguvu iliyofika kwenye maji ni 8.4 mara 93 gawanya kwa 367, yaani kilowati 2.1. Ufanisi wa pampu na mota pamoja: asilimia 42. Kwa pampu ndogo ya kuzamishwa hiyo si aibu. Asilimia 35 hadi 50 ndiyo ya kawaida, na anayeandika 70 kwenye makadirio amenakili kutoka pampu kubwa za viwandani. Kila mita ya ujazo inakula uniti 0.61. Kwa siku ya mita za ujazo 62, pampu inakwenda saa 7 na dakika 23, na kula uniti 38.

Dizeli ilipimwa hivi: jaza tenki la jenereta hadi mdomoni, sukuma saa 2, jaza tena kwa dumu lenye mistari. Ziliingia lita 4.8. Ni lita 2.4 kwa saa, karibu lita 0.47 kwa uniti, wakati jenereta iliyobeba mzigo wake vizuri hutumia kama 0.3. Sababu ni ukubwa. Jenereta ni ya kVA 15 kwa mzigo wa kilowati 5, kwa kuwa mota inawashwa moja kwa moja na dakika hiyo inavuta ampea mara tano hadi saba ya kawaida. Ingewekewa kifaa cha kuiamsha polepole, jenereta ndogo zaidi ingetosha. Jenereta kubwa yenye mzigo mdogo pia huziba masizi, na fundi huitwa mapema.

Siku ya 3: Ukingo wa bonde, Manyoni

Kutoka sakafu ya bonde barabara inapanda ukingo wa ufa kuelekea Manyoni. Kijiji cha pili kiko juu, chanzo chake kiko chini. Umeme wa gridi upo, pampu ni ya juu ya ardhi yenye mapezi mengi, inatoa mita za ujazo 6 kwa saa. Hedi yote, msuguano ndani yake, ni mita 212.

Kwa ufanisi wa asilimia 48, kila mita ya ujazo ni uniti 1.2, mara mbili ya Bahi. Bei ya umeme ya kundi la T1 (watumiaji wa kawaida) iliyopangwa mwaka 2016 ni shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti) asilimia 1 inakuwa 356. Hivyo mita ya ujazo inagharimu shilingi 429 za umeme, na ndoo ya lita 20 shilingi 8.6. Mtu anayelia kwamba mlima ndio unaoua mradi aiangalie namba hiyo tena. Gridi inabeba mlima bila taabu kubwa.

Kinachoua ni maji yanayopotea *baada ya* kupanda. Dira ya chini ilionyesha mita za ujazo 40 kwa siku, dira za magati kwa jumla 26. Asilimia 35 imepotea. Kila ndoo iliyouzwa kweli inabeba shilingi 13 za umeme. Kuvuja bondeni ni hasara ya maji. Kuvuja hapa juu ni hasara ya maji na mita 212.

Mengine yaliyoonekana, kwa wanaojenga sehemu za aina hii. Bomba la chini kabisa ni la chuma, na ndivyo inavyotakiwa: poli ya PN16 (ya presha ya bar 16) inavumilia mita 160 na kidogo, siyo 212. Juu zaidi, presha ikishapungua, poli inaanza. Umeme ukikatika ghafla, safu ndefu ya maji inasimama kisha inarudi na kupiga valvu. Kwenye chuma, kusimamisha mwendo wa mita 1 kwa sekunde kunaweza kuongeza presha ya mita 100 au zaidi kwa mpigo mmoja, kwenye poli ni karibu theluthi ya hapo. Mlio wa "gong" unaosikika nyumba ya pampu umeme unapokatika si wa kuzoea. Dawa ni valvu isiyorudisha inayofunga kabla maji hayajageuka, na chombo cha hewa pembeni ya bomba.

Na volti. Kijiji kiko mwisho wa laini ndefu. Jioni volti zinashuka hadi 345. Mota inajaribu kufanya kazi ileile kwa volti pungufu, inavuta ampea zaidi, inachemka. Ratiba ilibadilishwa: kusukuma kuanzia saa 5 usiku hadi alfajiri, volti zikiwa zimepanda. Kifaa cha kulinda fezi kilikuwepo ukutani, ila waya zake zilirukwa "kwa sababu kinazima pampu kila mara". Kilikuwa kinazima kwa sababu nzuri.

Siku ya 4: Ikungi, kabla ya Singida mjini

Jua. Kijiji cha watu 2,400, hitaji la mita za ujazo 60, na malalamiko kwamba "sola haina nguvu". Paneli ziko 12 za wati 330, yaani kilowati 3.96.

Hedi, ikipimwa maji yakiwa yameshuka, ni mita 68. Mita za ujazo 60 mara 68 gawanya kwa 367 ni uniti 11.1 zinazofika kwenye maji. Kwa ufanisi wa asilimia 45, pampu inataka uniti 24.7 kwa siku. Ukanda huu una jua linalolingana na saa 5.5 kamili kwa siku, na si saa 12 kama wengine wanavyohesabu kutoka jogoo hadi magharibi. Kisha kata asilimia 30 kwa vumbi, joto, kebo, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uifae mota) na zile dakika ambazo jua lipo lakini halitoshi kuinua maji. Kilowati moja ya paneli inakupa uniti 3.85 kwa siku. Gawanya: 24.7 kwa 3.85 ni kilowati 6.4.

Zilizopo zinatoa uniti 15, na maji mita za ujazo 37. Namba ya dira ya wiki iliyopita: 37. Hakuna muujiza, hakuna wizi. Paneli zilihesabiwa kwa kina cha maji tuli badala ya kina cha maji yakisukumwa, na kwa saa za jua zilizozidi.

Kuna kosa la pili, nalo ni baya kwa kuwa halionekani kwenye wati. Mota ni ya volti 380. Ili inveta iizungushe kwa kasi kamili inataka karibu volti 540 kutoka kwenye paneli. Paneli 12 zilizofungwa msururu, kila moja volti 37 ikifanya kazi, ni volti 444, na saa 8 mchana paneli zikichemka zinashuka karibu 400. Pampu inazunguka taratibu. Hedi ya pampu hufuata mraba wa kasi: asilimia 80 ya kasi ni asilimia 64 tu ya hedi. Ikifika chini ya mita 68, pampu inazunguka na tenki halipati tone. Mhudumu anaona taa ya kijani, anasikia mota, anaamini kisima kimekauka.

Pendekezo: paneli 15 za wati 430, msururu mmoja, jumla kilowati 6.45. Kwa nini si 16? Paneli za namna hiyo zikiwa hazijabebeshwa mzigo zina volti 49 kila moja. Kumi na sita ni 784, na inveta ya hapa inakomea 800. Asubuhi ya Julai ya Singida, nyuzijoto 10 na upepo juu yake, volti za paneli hupanda asilimia 4 au zaidi: 815. Inveta inaungua saa 1 asubuhi kabla hata haijasukuma maji. Ukizidisha paneli moja, umenunua inveta mpya.

Ziangalie kaskazini, mwinamo wa digrii 10 hadi 15, hata kama ramani inasema digrii 5 zinatosha. Paneli iliyolala haijisafishi kwa mvua. Za hapa zilipofutwa kwa maji na kitambaa saa 3 asubuhi, ampea zilipanda papo hapo.

Usiku, kazi ya mwisho. Magati yote yamefungwa, pampu imezimwa, saa 8 usiku hadi saa 10. Tenki la duara lenye kipenyo cha mita 4.5 lilishuka sentimita 5. Eneo la tenki ni mita za mraba 15.9, hivyo zilipotea lita 795 kwa saa mbili, takriban 400 kwa saa. Usizidishe kwa 24. Mchana presha hushuka na kuvuja kunapungua. Zidisha kwa 20: mita za ujazo 8 kwa siku, karibu asilimia 22 ya maji yote. Kuyapandisha maji hayo yanayokwenda ardhini kunakula uniti 3.3 kwa siku, kazi ya paneli mbili kati ya zile 15. Kubadilisha koplingi tatu na kona moja iliyopasuka ni rahisi kuliko paneli mbili.

Betri hazihitajiki. Tenki la mita za ujazo 50 lililojaa kwenye mradi wa hedi 68 limehifadhi kazi ya uniti 9, halichakai kwa miaka mitatu na hakuna anayeiba maji yake usiku kuyauza mjini kama betri.

Siku ya 5: Katesh, chini ya Hanang

Mlima unaonekana muda mrefu kabla ya mji. Hapa maji yanashuka yenyewe, na lahajedwali ya nishati inaonyesha sifuri.

Chemchemi ilipimwa kwa ndoo: lita 20 kwa sekunde 18, ni lita 1.11 kwa sekunde, mita za ujazo 96 kwa siku. Kipimo hiki kifanywe mwisho wa kiangazi. Kinachopimwa Aprili ni furaha ya muda. Kutoka chanzo hadi magati ni mita 180 za kushuka, sawa na bar 17.6, na poli ya PN10 iliyopo ingepasuka siku ya kwanza. Ndiyo maana kuna matenki madogo ya kuvunjia presha, kila mita 60 au 70 za mshuko. Maji yanaingia, yanapoteza presha yote, yanaanza upya. Valvu ya boya ya tenki la pili ilikuwa imekwama wazi, maji yanamwagika kando, na kijiji cha chini kinasema chemchemi imepungua.

Mita za ujazo 96 mara 180 gawanya kwa 367 ni uniti 47 kwa siku zinazovunjwa kwenye matenki hayo. Ni zaidi ya uniti 38 ambazo kijiji cha Bahi kinazinunua kwa dizeli. Je, turbini ndogo? Kwa ufanisi wa asilimia 50 inatoka kilowati moja tu, na mabomba yote yabadilishwe yavumilie presha. Haifai. Kinachofaa ni pampu ya mpigo, ile inayoendeshwa na maji yenyewe, kwa nyumba zilizo juu ya chemchemi. Ukiwa na maporomoko ya mita 6 na unataka kupandisha mita 40, kwa ufanisi wa asilimia 60 unapata asilimia 9 ya maji yaliyoingia. Kidogo, lakini mchana na usiku, bila fundi umeme.

Sifuri ya nishati si sifuri ya gharama. Desemba 3, 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Hanang hadi Katesh na kuua watu wengi. Bomba la mserereko kwenye mteremko kama huu lizikwe mbali na makorongo, na penye lazima ya kuvuka, livuke juu kwa waya au kwa bomba la chuma. Pia ukanda huu wa volkano una floraidi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Chanzo kikivuka hapo, ile sifuri inakwisha: ama unachanganya na maji ya chanzo kingine yanayotaka kusukumwa, ama unachuja.

Swali hilohilo liko Bahi kwa chumvi. Kuchuja chumvi ya kisima kwa utando kunakula uniti 1 hadi 2.5 kwa kila mita ya ujazo, zaidi ya kuyapandisha maji yenyewe. Kwa hiyo ichujwe ya kunywa tu, lita 5 kwa mtu, wala si ya ng'ombe.

Siku ya 6: Babati hadi Kondoa

Siku ya barabara zaidi ya vipimo. Kituo kimoja: kitongoji chenye pampu ya mkono, watu 250, kisima cha mita 30 za maji yakisukumwa.

Mtu mzima anaweza kutoa wati 75 kwa muda mrefu bila kuchoka vibaya. Pampu ikiwa na ufanisi wa asilimia 60, anapandisha mita za ujazo 0.55 kwa saa. Hitaji la watu 250 ni 6.25. Zinatakiwa saa 11 na dakika 22 za kusukuma bila kupumzika, na ndiyo sababu foleni inaanza alfajiri. Kisima kingekuwa cha mita 45, zingekuwa saa 17. Ukiona pampu ya mkono imefungwa kwenye maji ya mita 45 kwa watu 250, usiulize kwa nini mpini umekatika.

Nishati hii haimo kwenye makadirio yoyote, kwa kuwa wanaoitoa ni wanawake na watoto, na hawana dira. Ni uniti 0.85 kwa siku. Paneli mbili na pampu ndogo ya sola zingeimaliza kazi hiyo kabla ya alasiri.

Siku ya 7: Dodoma

Vipimo mezani, na uamuzi unaotakiwa haraka ni wa kijiji cha Bahi: watupe jenereta waweke sola ya ukubwa gani?

Jibu la haraka ni uniti 38 gawanya kwa 3.85, karibu kilowati 10. Si sahihi. Sola ina saa 6 za maana badala ya zile saa 7 na ushei za jenereta, hivyo maji yatoke kwa kasi ya mita za ujazo 10.3 kwa saa. Cheti cha kisima kinaonyesha kilipimwa kwa 13 kwa saa; ukichukua asilimia 80 ni 10.4, kinaruhusu kwa shida. Maji yatashuka hadi kama mita 51. Na msuguano haupandi sambamba na maji, unapanda karibu na mraba wake: mita 27 za bomba la milimita 63 zinakuwa 39.5. Hedi inapanda kutoka 93 hadi 109.5, nishati (kwa pampu mpya ya ufanisi wa asilimia 45, kama ya Ikungi) uniti 41, paneli kilowati 10.7.

Kwa bomba la milimita 90, msuguano ni mita 7, hedi 77, nishati uniti 29, paneli kilowati 7.5. Bomba linaokoa kilowati 3.2, paneli saba au nane pamoja na stendi zake na inveta ya ukubwa wa chini. Mpangilio wa manunuzi basi ni: bomba la mita 1,400, kisha pampu iliyochaguliwa kwa hedi ya 77, kisha paneli. Pampu ya sasa isihamishiwe kwenye bomba jipya. Ilichaguliwa kwa hedi ya 93. Ikipewa 77 itatoa maji mengi kuliko kisima kinavyoweza, itayashusha hadi ianze kunyonya hewa na mchanga.

Kuhusu ukuaji: Sensa ya 2022 ilitoa ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka kitaifa. Kwa miaka 10, mita za ujazo 62 zinakuwa 85. Bomba linunuliwe kwa 85, kwa sababu hakuna anayefukua mtaro mara mbili. Paneli zinunuliwe kwa 62, stendi iachwe na nafasi. Lakini kisima hakitatoa 85 kwa saa 6, hata paneli ziwe ngapi. Zile 23 za ziada zinataka saa 2 na dakika 15 nje ya jua, kwa hiyo jenereta isiuzwe. Ifungwe swichi ya kubadilishia, iwashwe nusu saa kila wiki mbili, dizeli yake ibadilishwe ikikaa sana.

Kabla ya kusaini chochote, utepe urudi kisimani Novemba, mwisho wa kiangazi. Usawa wa maji kwenye visima vya namna hii unaweza kushuka mita 3 hadi 5 kati ya Mei na Novemba, na vipimo vya safari hii ni vya Septemba. Ukiwa umeshuka mita 4, hedi ni 81, na paneli ni kilowati 7.9.